Shajara ya mradi: dawati la wageni mashuhuri, Mombasa

Siku 90 kabla ya ufunguzi

Leo nimekabidhiwa rasmi dawati la wageni mashuhuri la mkutano wa kimataifa wa masuala ya bahari utakaofanyika hapa Mombasa kwa siku tatu, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, katikati ya msimu wa kusi. Naianza shajara hii jioni ya siku hiyohiyo kwa sababu katika kazi ya itifaki, jambo lililosemwa kwa simu na lisiandikwe huwa mambo mawili kabla ya magharibi, na mgeni ndiye anayeumia. Yeyote atakayelazimika kuishika nafasi yangu, kwa maradhi au kwa uhamisho, ayakute maamuzi yote hapa pamoja na sababu zake.

Swali la kwanza lilikuwa ni nani hasa aitwe mgeni mashuhuri. Kufikia alasiri nilikuwa nimeletewa majina na watu sita, kila mmoja na hoja yake: huyu ni mfadhili, huyu ni mwanazuoni mwenye sifa, huyu ni rafiki wa mji wetu. Nimependekeza, na mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ameridhia, kwamba hadhi itokane na wadhifa anaoushika mtu siku ya mkutano, isipokuwa wakuu wa zamani wa nchi, ambao tutawaheshimu kwa wadhifa waliokuwa nao. Ngazi ya kwanza ni wakuu wa nchi na wa serikali pamoja na wenzi wao. Ya pili ni mawaziri, wakuu wa mashirika ya kimataifa na hao wakuu wa zamani. Ya tatu ni mabalozi. Wafadhili watakuwa na dawati lao na watatunzwa vizuri, ila hawataingia katika orodha yetu, kwa kuwa hadhi ikishanunuliwa mara moja, hatutakuwa na hoja ya kumtetea yeyote katika kiti chake.

Siku 83 kabla ya ufunguzi

Wiki nzima imekwenda kwenye utangulizi, yaani nani aingie kabla ya nani, akae karibu na nani na ahutubu baada ya nani. Vijana wawili waliojiunga nasi waliniuliza kwa heshima kwa nini jambo hili lituchukue siku saba. Niliwasimulia yaliyotokea London mwaka 1661, wakati wafuasi wa balozi wa Ufaransa na wa balozi wa Uhispania walipopigana barabarani, wakigombea gari la nani litangulie kumfuata balozi mpya wa Uswidi, hata watu wakafa. Ugomvi wa namna hiyo ndio uliozifanya nchi za Ulaya zikubaliane, katika Kongamano la Vienna la 1815, kwamba mabalozi wa ngazi moja watangulizane kwa tarehe ya kuarifu rasmi kuwasili kwao, bila kujali ukubwa wa nchi wala utajiri wa mfalme. Kanuni hiyo imo hadi leo katika kifungu cha 16 cha Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kidiplomasia wa 1961, na uzuri wake ni kwamba tarehe haina upendeleo: anayelalamika huonyeshwa siku, na siku haibishaniwi.

Kwa wakuu wa nchi tumefuata msingi huohuo. Mwenyeji kwanza, kisha wakuu wa nchi kwa tarehe ya kushika madaraka, kisha wakuu wa serikali kwa utaratibu huohuo. Kwa hesabu hiyo, Rais Yoweri Museveni, aliyeingia madarakani Januari 1986, huwatangulia wenzake wote wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, naye hutanguliwa na Rais Paul Biya wa 1982 na Rais Teodoro Obiang wa 1979. Nimezipanga tarehe zote katika jedwali moja na kuomba kila ubalozi uthibitishe ya kwake kwa barua.

Gumu zaidi ni la mwakilishi. Rais akimtuma waziri asome hotuba yake, je, waziri huyo akae penye kiti cha rais? Baadhi ya wenzangu waliona ndiyo, maana anabeba maneno ya mkuu wake. Mimi nimeshikilia kwamba wadhifa haubebwi kwa barua: hotuba itasomwa kama hotuba ya rais na jina la rais litatajwa, lakini msomaji atakaa katika ngazi yake ya uwaziri, akiwa wa mwanzo katika safu hiyo. Tukifanya kinyume, mkuu wa serikali aliyesafiri mwenyewe atajikuta nyuma ya waziri aliyetumwa, na hilo haliwezi kuelezeka.

Siku 71 kabla ya ufunguzi

Majina. Naandika kwa urefu kwa sababu nimeona makosa mengi hapa kuliko mahali pengine popote, na hakuna kosa linalomfika mtu moyoni kama kuitwa kwa jina lisilo lake.

Fomu ya usajili tuliyopewa na kampuni ya mifumo ilikuwa na nafasi mbili tu, jina la kwanza na jina la ukoo, na ilipanga vibao na beji kwa kulitumia la pili. Hilo linawafaa watu wa nchi chache. Waethiopia na Waeritrea hawana jina la ukoo. Jina la pili ni la baba, ndiyo maana Waziri Mkuu Abiy Ahmed huitwa Dkt. Abiy, na kumwita Dkt. Ahmed ni kumwita babake. Wachina na Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kwa hivyo fomu huwageuza. Wahispania wengi na watu wa Amerika ya Kusini wanaozungumza Kihispania wana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na anayekata la mwisho akadhani ndilo kuu huwa amebakisha la mama peke yake. Watu wa Iceland wengi huitwa kwa jina lao la kwanza hata wakiwa mawaziri.

Sisi watu wa Mombasa tulipaswa kuliona hili kabla ya kuambiwa, kwa kuwa hapa Ali Omar ni Ali mwana wa Omar, na ukiita "Omar" barazani atageuka mzee mwingine kabisa. Nimeagiza fomu iondolewe nafasi hizo mbili na kuwekwa tatu: jina kamili kama lilivyo katika pasipoti, jina litakaloandikwa kwenye kibao, na namna mgeni anavyotaka kuitwa anapoamkiwa. Nafasi ya tatu ndiyo muhimu. Aidha kila ubalozi utatutumia sauti iliyorekodiwa ya jina la kiongozi wake likitamkwa, ili mshereheshaji alisikie na kulirudia mpaka ulimi umezoea.

Siku 60 kabla ya ufunguzi

Malazi na barabara, ambavyo Mombasa ni jambo moja. Ukumbi uko pwani ya kaskazini. Uwanja wa ndege wa Moi uko bara upande wa magharibi. Katikati yao kuna kisiwa. Mgeni akishuka ndege atapita Changamwe, avuke Makupa, apite Buxton, kisha avuke daraja la Nyali. Ujumbe mmoja uliomba kiongozi wao alazwe Diani kwa ajili ya utulivu. Niliwajibu kwa upole kwamba hata kwa barabara ya Dongo Kundu, inayomwepusha msafiri na feri ya Likoni, mtu wa Diani bado atalazimika kuzunguka na kuingia kisiwani ndipo alifikie daraja lilelile la Nyali, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Wamekubali kuhamia kaskazini. Hakuna mgeni wa ngazi ya kwanza wala ya pili atakayelala kusini ya Likoni.

Lililobaki ni daraja lenyewe, na hapa nimesema maneno mazito katika kikao cha usalama, wala siyajutii. Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, ndilo linalobeba maisha ya mji: wachuuzi wa soko la Kongowea, watoto wa shule, wafanyakazi wa bandari wanaoishi Kisauni, na zaidi ya wote, ambulensi zinazowaleta wagonjwa wa Kisauni na Bamburi katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara. Pendekezo la awali lilitaka daraja lisimamishwe kila msafara upitapo. Tulihesabu misafara pamoja: kila mkuu wa nchi na magari yake, kwenda na kurudi, na mawaziri nyuma yao. Daraja lingefungwa karibu asubuhi yote.

Tumeafikiana mambo matatu baada ya saa nne za mjadala. Mawaziri wote watapanda mabasi maalumu kutoka hoteli zao. Pale palipokuwa na wasiwasi kwamba basi litawashushia hadhi, nilikumbusha kwamba katika maziko ya Malkia Elizabeth jijini London, Septemba 2022, wakuu wa nchi wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walipelekwa kanisani kwa basi, na heshima yao haikupungua. Pili, misafara ya wakuu wa nchi itapita kwa zamu zilizopangwa, na daraja lisizuiwe zaidi ya dakika tano kwa zamu moja. Tatu, ambulensi itapita wakati wowote, hata ikibidi msafara usubiri. Afisa wa trafiki aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliinua mkono akasema, "Mama, hilo la ambulensi liandikwe kwa wino." Limeandikwa, na limetiwa sahihi.

Siku 45 kabla ya ufunguzi

Vibali. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema wazi katika kifungu cha 3 kwamba ndege ya dola haipiti juu ya nchi nyingine wala kutua humo bila idhini maalumu, kwa hivyo kila ndege ya kiongozi inahitaji kibali chake, kikiwa na aina ya ndege, namba ya usajili na saa. Nafasi ya maegesho haitoshi wote. Zitakazokosa zitashusha wageni na kwenda kusubiri Nairobi. Silaha za walinzi zitatangazwa kabla, kwa namba, na masafa ya redio zao yataombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Barua zote za vibali zimeshapelekwa. Wajumbe wa kawaida wameelezwa juu ya kibali cha kielektroniki cha kusafiri kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024.

Siku 38 kabla ya ufunguzi

Orodha ya mizio ya chakula na ya kundi la damu imewasili kutoka kwa watangulizi wa nchi kadhaa, yaani maafisa wanaofika kabla ya viongozi wao, na nimeikuta ikizunguka kwa barua pepe kwa watu kumi na mmoja. Nimeisimamisha. Habari za afya ni habari nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata kama sheria isingekuwapo, maradhi ya mtu ni siri yake. Daktari mkuu wa mkutano atakuwa nayo kamili. Mpishi mkuu atapewa namba ya meza na chakula kisichofaa, bila jina. Wengine wote wameombwa kuifuta na kuthibitisha.

Siku 30 kabla ya ufunguzi

Mafunzo ya maafisa waandamani yameanza. Kila mgeni wa ngazi ya kwanza na ya pili atakuwa na mwandamani mmoja tangu mlango wa ndege hadi mlango wa ndege. Tumechagua vijana kutoka vyuo vya mji huu, wengi wao wakijua Kifaransa, Kiarabu au Kireno, na nimefurahi kuona wengi ni wasichana wa Kisauni, Likoni na Mji wa Kale ambao hawajawahi kuingia katika shughuli ya namna hii.

Nimewafunza neno moja kwa siku mbili nzima: makabidhiano. Mgeni hapotei ndani ya gari wala kitini. Hupotea pale anapotoka mkono huu kuingia mkono ule: ngazi ya ndege na gari, gari na mlango, mlango na chumba cha mapumziko, chumba na jukwaa. Tumehesabu maungo tisa ya namna hiyo kwa siku moja ya mgeni mmoja. Kanuni ni kwamba anayemtoa haondoki mpaka anayempokea amesema kwa kinywa chake, "Nimempokea," na jina likaandikwa pamoja na saa. Kijana mmoja aliniuliza, "Shangazi, na mpambe wake akisema tuondoke?" Nilimjibu kwamba mpambe ana amri juu ya kiongozi wake, hana amri juu ya nafasi yako, rudi hatua tatu, usimwache kwa macho.

Madereva nao wameingia darasani. Mzee mmoja aliyeendesha wageni wa serikali kwa miaka mingi ndiye aliyetoa somo bora la siku: alionyesha namna ya kusimamisha gari hivi kwamba mlango wa nyuma wa upande wa mgeni ukabiliane na zulia moja kwa moja, pasiwe na mtu wa kuzunguka gari. Aliweka alama ya chokaa chini na kuwarudisha vijana mara saba. Nimeomba awe msimamizi wa madereva wote.

Siku 21 kabla ya ufunguzi

Bendera, viti na lugha.

Umoja wa Mataifa hupiga kura ya bahati kila mwaka kuamua nchi ipi ianze kukaa katika Baraza Kuu, kisha wengine hufuata kwa alfabeti ya Kiingereza. Tumefuata alfabeti hiyo kwa wajumbe wa kawaida, ila ndipo tulipogundua kwamba ratiba yetu ya Kiswahili ilikuwa imepangwa kwa alfabeti ya Kiswahili, ambamo Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Ureno na Uswisi zote zimejaa katika U, na Marekani imeingia M. Mjumbe akisoma ratiba ya Kiswahili angekitafuta kiti chake upande usio wake. Orodha ya viti sasa ni moja, na namba ya kiti imeandikwa katika ratiba za lugha zote. Tumeangalia pia majina yaliyobadilika: Eswatini tangu 2018, Cabo Verde tangu 2013, Türkiye tangu 2022. Côte d'Ivoire inataka jina lake la Kifaransa litumike katika lugha zote, nasi tumeliandika hivyo kwenye vibao. Tanzania, kwa jina lake la Umoja wa Mataifa, hukaa katika U, na kila mara kuna mtu anayeitafuta katika T.

Bendera zimekaguliwa moja moja kwenye meza, mkononi kuna picha iliyotumwa na ubalozi. Ile ya Mauritania iliyoletwa na mshonaji ilikuwa ya kabla ya 2017, haina mistari miwili myekundu, imerudishwa. Ya Côte d'Ivoire ikigeuzwa huwa kama ya Ireland, ya Indonesia na ya Monaco hutofautishwa kwa vipimo, na ya Ufilipino ikitundikwa juu chini huashiria kwamba nchi iko vitani. Kosa hilo lilitokea New York mwaka 2010 katika mkutano wa Marekani na viongozi wa Asia ya Kusini-Mashariki, na wenyeji wakalazimika kuomba radhi. Kila bendera imeshonewa kitambaa kidogo cheupe kwenye pindo la juu, upande wa mlingoti. Upepo wa kusi ni mkali, kwa hivyo tumeagiza seti mbili kwa zile za nje.

Kwa vyumba vya mazungumzo ya faragha nimeweka sharti kwamba kila chumba kipigwe picha saa moja kabla, idadi ya viti ionekane, na watangulizi wa pande zote mbili waikubali. Yaliyotokea Ankara tarehe 6 Aprili 2021, ambapo Ursula von der Leyen alibaki amesimama huku wanaume wawili wakikaa katika viti viwili vilivyokuwapo, yangeepukwa na picha moja tu.

Jambo la mwisho, nalo ni la moyoni mwangu: kibanda cha ukalimani cha Kiswahili. Kilikuwa kimeondolewa kwa sababu ya gharama. Niliandika kwamba Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, kwamba Katiba yetu ya 2010 inakitaja katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kwamba haifai mkuu wa nchi ahutubu kwa Kiswahili, hapa Mombasa, akakosa mkalimani kwetu sisi tulio wenyeji. Kibanda kimerudishwa, na wakalimani watatu wamepatikana ili wapokezane kila nusu saa.

Siku 15 kabla ya ufunguzi

Zawadi za wenzi wa viongozi ni leso, na sampuli zimeletwa. Rangi ni nzuri, kazi ni safi, lakini maandishi yamenilaza macho. Hapa kwetu leso husema, na wanawake wa mji huu wameisemesha kwa vizazi. Sampuli moja ilikuwa na methali ya "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mshonaji aliiona ina neno mgeni akadhani yafaa. Mkutano ni wa siku tatu. Leso hiyo ingemwambia mke wa rais kwamba ugeni wake umekwisha, ashike jembe, na picha ingesambaa kabla ya chakula cha mchana. Nilikwenda mwenyewe kukaa na mabibi wawili wa Kibokoni wanaojua maneno ya leso kuliko mtu yeyote katika kamati yetu. Tulipitia maneno ishirini, tukaacha kila lenye kijembe au fumbo, na tukatulia kwenye "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tafsiri yake itawekwa ndani ya boksi kwa lugha tano.

Siku 6 kabla ya ufunguzi

Mazoezi kamili ya misafara. Hayakwenda vizuri. Zamu ya pili ilifika Buxton kabla ya ya kwanza kuvuka, kwa sababu saa ya kuondoka uwanjani ilihesabiwa tangu magurudumu ya ndege yaguse ardhi, wala si tangu mgeni aingie garini. Sala ya dua, gwaride na maua vilikula dakika ambazo hakuna aliyezihesabu. Daraja lilizuiwa kwa dakika kumi na mbili. Watu waliokuwa kwenye matatu walishuka na kutembea. Nimeomba radhi kwa maandishi kwa msimamizi wa trafiki, nami nimebadilisha saa ya kuanzia: zamu huhesabiwa mlango wa gari unapofungwa, na mwandamani ndiye anayetoa neno hilo redioni. Tumerudia jioni kwa zamu mbili. Dakika nne, kisha dakika nne na nusu.

Siku moja kabla ya ufunguzi

Wageni wamewasili mchana kutwa. Ndege moja ilitangulia ratiba kwa dakika arubaini na mwandamani wake alikuwa tayari uwanjani, kwa kuwa tulikubaliana wafike saa mbili kabla. Nchi mbili zimebadilisha kiongozi wa ujumbe. Vibao vipya vimechapishwa usiku huu, na jedwali la utangulizi limepangwa upya, nakala za zamani zikakusanywa na kuchanwa moja moja mbele yangu.

Siku ya kwanza ya mkutano

Ufunguzi ulianza saa tatu na dakika sita asubuhi. Wimbo wa taifa ukapigwa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukafuata, viongozi wakasimama mahali palipowekwa vibandiko sakafuni kwa ajili ya picha ya pamoja, mwenyeji katikati na mkubwa wa utangulizi kuliani kwake. Mshereheshaji alitamka majina yote bila kukwama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na orodha mkononi, nikitia alama.

Kosa moja lilitokea na naliandika lilivyo. Baada ya mapumziko ya asubuhi waziri mmoja alitoka maliwatoni kwa mlango wa pili ambao haukuwa kwenye ramani zetu, huku mwandamani wake akimngoja kwenye wa kwanza. Alisimama peke yake katika ukumbi wa wapita njia kwa dakika nne, na askari wa zamu asiyemjua akamwomba beji, ambayo ilikuwa kwa katibu wake. Nilipofika alikuwa mtulivu, lakini hakuwa amefurahi, na alikuwa na haki. Nilimwomba radhi bila kutoa udhuru na kumpeleka mwenyewe kitini. Mwandamani alikuwa akilia. Nilimwambia kosa ni la ramani, na ramani niliitia sahihi mimi. Saa sita mchana milango yote ya nyuma ilikuwa imekaguliwa, na mitatu mingine ya namna hiyo ikapatikana na kuwekewa watu.

Siku ya pili

Dhifa ya usiku ilikuwa Ngomeni, ndani ya Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011. Kwa sababu hiyo hakuna msumari uliopigwa ukutani. Taa zote zilisimama kwenye nguzo zake zenyewe. Kwenye mteremko wa mlango tuliweka ulalo wa mbao kwa wageni wawili wanaotumia viti vya magurudumu, nao waliingia kwa mlango uleule walioingilia wengine, jambo nililolisisitiza tangu mwanzo.

Magharibi ilikuwa karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo wageni walialikwa kuketi saa moja, baada ya swala, na hotuba zikakatwa zimalizike kabla ya adhana ya isha. Hotuba ya tatu ilirefuka. Mshereheshaji, kama tulivyopatana, alimpelekea mhutubu kijikaratasi, naye akanyamaza. Adhana za Mji wa Kale zikapanda kutoka misikiti mitatu minne kwa pamoja, wageni wakasikiliza kimya, kisha akaendelea. Kahawa tungu na halua vilipitishwa na wazee wa mji kwa madele ya shaba. Balozi mmoja aliniambia kwamba hicho ndicho kitu atakachowasimulia watu wake.

Siku ya tatu

Ijumaa. Kikao cha kufunga kilimalizwa saa tano na nusu ili Waislamu wawahi msikitini, na misafara ya kuondoka haikuanza mpaka saa nane. Saa nane na dakika kumi na tano, zamu ya kwanza ikiwa Kongowea, ambulensi ilitokea Kisauni ikiwa na mgonjwa. Afisa wa trafiki alisema redioni, "Msafara usimame." Rais aliyekuwa ndani ya gari la tatu alisubiri dakika mbili na nusu. Mwandamani alimweleza sababu kupitia mpambe, na jibu lililorudi lilikuwa neno moja: sawa.

Siku ya pili baada ya kufunga

Ndege ya mwisho iliondoka jana usiku na jina la mwisho limetiwa alama. Redio zote zimerudishwa na kuhesabiwa. Barua za shukrani kwa balozi zimetiwa sahihi, pamoja na moja kwa waziri wa dakika nne, ambayo nimeiandika kwa mkono. Orodha ya chakula na mizio imefutwa kwenye kompyuta ya mpishi, na daktari amethibitisha ya kwake. Maboksi mawili ya leso yamebaki. Nimewapelekea mabibi wa Kibokoni. Beji saba hazijarudi. Nimeagiza zifungwe kwenye mfumo kabla ya saa sita mchana leo, na kufikia wakati huu wa kuandika, zote saba zimefungwa.